Darubini ya raifo ya mashindano: 1-6, 5-25 au 15-55?

Swali linalorudi kila mara kwa wanaoanza kushindana na raifo ni hili: bunduki ninayo, hela iliyobaki inatosha darubini moja tu, nichukue ipi? Na ukiwafuatilia utaona karibu wote wanaangalia namba ya mwisho, ile kubwa, 25, 36, 60, wanaamini inayovuta zaidi ndo bora zaidi. Mimi nashauri uanze na namba ndogo, sababu ndo inayoamua kama utaiona shabaha kwa wakati au muda utakuishia bado unaitafuta. Ile kubwa mara nyingi hutaitumia yote, na siku ya jua kali hata nusu yake inaweza kukusumbua.

Kwa ambao bado hawajazoea hizi namba, 5-25x56 maana yake inavuta kuanzia mara 5 hadi mara 25 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 56. Basi. Unazungusha pete ya nyuma, picha inakaribia au inarudi.

Aina ninazolinganisha ni tatu ambazo watu hukwama katikati yake: ile fupi inayoanzia mara 1 (1-6, 1-8, 1-10), ile ya kati (5-25 na wenzake 4.5-27, 6-36, 7-35), na ile ndefu ya kulala na kupiga mbali (15-55, 15-60, 10-60). Nawaandikia zaidi mlioko Marekani, Uingereza na Afrika Kusini ambako mechi za raifo ziko nyingi. Kenya wengi wanaoshindana wako kwenye bastola, hasa IDPA (mchezo wa bastola unaoiga hali za kujihami), ila mwenye leseni ya raifo anayejiandaa kwenda kushindana nje naye atapata kitu hapa.

Vitu vya kupima kabla ya kuangalia bei

Cha kwanza ni mchezo wenyewe, na hapa namaanisha kitabu cha sheria, usiishie kwenye jina tu. Kuna mechi unakimbia kutoka kona hadi kona unapiga karatasi mita 10 halafu bamba la chuma mita 300, kuna mechi una sekunde 90 au 120 za kupiga mabamba yaliyosambaa umbali tofauti ukiwa umeegemea geti au tairi, na kuna mechi unalala chini, shabaha ni moja, haiondoki, na baada ya kila risasi unaonyeshwa ilipoingia. Hii michezo mitatu haitaki darubini moja, na hakuna hela itakayofanya moja iwe bora kwenye yote.

Cha pili ni upana wa unachokiona. Kwa mara 1 unaona eneo la karibu mita 38 kwa upana ukiwa umbali wa mita 100, kwa mara 5 inabaki kama mita 7 au 8, na kwa mara 15 ni mita 2 tu. Fikiria mita 2 halafu unaambiwa utafute bamba kichakani.

Cha tatu ni msalaba wa ndani, zile alama na vidoti. Kwenye boksi utaona FFP au SFP. FFP msalaba unakua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo alama zake ni za kweli kwa kila uvutaji. SFP msalaba unabaki saizi ileile machoni mwako wakati picha inabadilika, kwa hiyo alama ni za kweli kwenye namba moja tu ambayo kiwanda kimeichagua. Hili watu wanalipita haraka na linawagharimu mechi, ngoja nilionyeshe. Chukua darubini ya SFP ambayo alama zake ni sahihi kwenye mara 24, wewe uko kwenye mara 12 sababu ya joto, upepo unahitaji ushike (yaani ulenge) mili 1 pembeni na bamba liko mita 700. Mili ni kipimo cha pembe, sentimita 10 kwa kila mita 100. Mili 1 kwa mita 700 ni sentimita 70. Lakini ukiwa kwenye mara 12 ile alama ya mili 1 imekuwa mili 2, yaani umeshika mita 1 na sentimita 40, umekosa kwa sentimita 70 upande wa pili na utadhani ni upepo uliogeuka.

Cha nne ni klik za nobu, vile vya kuzungusha juu na pembeni ya darubini vinavyosogeza msalaba. Darubini za mili kawaida zinasogea 0.1 kwa klik, ambayo ni sentimita 1 kwa mita 100. Za MOA, kipimo kingine cha pembe ambacho ni kama sentimita 2.9 kwa mita 100, zinasogea robo, kama milimita 7 kwa mita 100, au moja ya nane, ambayo ni nusu ya hapo. Muhimu kuliko udogo wa klik ni kwamba ukizungusha kwenda juu kisha ukarudisha, irudi palepale ilipokuwa, kila siku, hata baada ya bunduki kukupiga teke mara mia.

Cha tano ni mwanga unaofika jichoni. Gawa kioo cha mbele kwa uvutaji: 56 gawa kwa 25 unapata milimita 2.2, 52 gawa kwa 55 haifiki hata milimita 1. Kile kiduara kikiwa kidogo, kichwa kikisogea kidogo tu picha inazimika. Ukiwa umelala shavu limetulia kwenye kitako haisumbui sana, ila ukiwa umepiga goti nyuma ya pipa ni mateso.

Cha sita ni mazigazi, ule mvuke wa joto unaocheza juu ya ardhi. Ukivuta sana unavuta na mvuke, shabaha inaanza kuogelea na duara la katikati linakuwa kama uji. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachoondoa hilo, maana tatizo liko kwenye hewa. Unachoweza kufanya ni kupunguza uvutaji, na ndo maana namba ndogo ina maana hata kwa mtu wa mbali.

Halafu uzito na paralaksi. Paralaksi ni pale unaposogeza kichwa na msalaba unatembea juu ya shabaha ingawa bunduki haijasogea. Kinobu cha pembeni, au pete ya mbele kwa baadhi, ndo kinairekebisha kulingana na umbali. Kwa .22, raifo ya risasi ndogo inayopiga karibu, hili si la kupuuza.

Ile fupi: 1-6, 1-8, 1-10

Mchezo wake ni ule wa mbio: IPSC (mchezo wa kimataifa wa kukimbia na kupiga) ya raifo, mechi za bunduki tatu (raifo, bastola na shotgun) kule Marekani, na kila kitu ambacho shabaha ya kwanza iko usoni kwako. Kwa mara 1 unafungua macho yote mawili, taa nyekundu ya katikati inakaa juu ya karatasi na unapiga, hujui hata kama kuna kioo mbele yako. Ukifika steji yenye mabamba ya mbali unasukuma kile kikonyo cha pete hadi 6 au 8 na unaendelea.

Msalaba unakuja wa aina zote mbili na hapa SFP si dhambi. Vortex Razor HD Gen II-E 1-6x24 ni SFP na imetumika sana kwenye mbio, sababu kwa mara 1 msalaba unabaki mkubwa unaonekana, na ukienda mbali unakuwa umevuta hadi mwisho kwa hiyo alama ni za kweli. Razor Gen III 1-10x24 ni FFP, kwa mara 1 alama zinakuwa ndogo sana unategemea taa, ila ukiwa mara 6 au 7 bado unaweza kuziamini. Nobu zake watu wengi hawazigusi, wanaziro (wanapanga risasi iingie pale msalaba ulipo kwa umbali mmoja) halafu wanashika kwa alama.

Mwanga uko vizuri, 24 gawa kwa 6 ni milimita 4, kichwa kinakaa vyovyote. Uzito wa hizo Razor mbili ni kama gramu 610 kila moja. Paralaksi kwa nyingi imefungwa kiwandani huwezi kuirekebisha. Bei inaanzia dola mia na kitu na kupita 2,000, na tofauti kubwa utaiona kwenye ule mara 1: za bei ya chini picha inakunjika pembeni na taa haionekani mchana wa jua. Ukienda dukani itoe nje, washa taa, angalia ukuta mweupe unaopigwa na jua. Kama taa imepotea, kwa mbio haitakusaidia.

Inamfaa anayekimbia, anayepiga karibu zaidi kuliko mbali, na mwenye raifo nyepesi asiyetaka kuiongezea mzigo. Haimfai anayetaka kuona risasi yake ilipogonga mita 800. Kugonga atagonga, ila hataona alikosea wapi.

Ile ya kati: 5-25 na wenzake

Hapa ndo kuna watu wengi na ndo kuna mkanganyiko mwingi. Mchezo wake ni PRS (Precision Rifle Series), ile iliyoanza Marekani 2012, pamoja na mechi za .22 za mtindo huohuo. Unapewa maelezo, saa inaanza, unakimbilia kizuizi, unaweka mfuko wa mchanga juu ya geti, unalaza bunduki, unatafuta bamba la kwanza mita 400, unapiga mawili, unahamia la mita 550, unazungusha nobu au unashika kwa alama, na vyote hivyo kabla sekunde 90 hazijaisha.

Sasa angalia wazoefu wanachofanya na ile pete. Wanayo darubini inayofika 25 au 27 au 35, lakini wengi wanapiga kwenye 12 hadi 18. Wanataka upana wa kupata bamba haraka, na wanataka bunduki ikirudi nyuma picha isiwapotee ili waone vumbi lilipotimka, sababu vumbi ndo linalokuambia risasi ya pili ushike wapi. Ukiwa kwenye 25 teke dogo tu linakutoa nje ya picha, ukirudi vumbi limeshatulia.

Kwa mchezo huu FFP si ya kujadili sana, unabadilisha uvutaji kila steji na alama lazima ziwe za kweli wakati wote. Klik ni mili 0.1, na karibu kila mtu kwenye kikosi chako atakuwa anaongea mili, kwa hiyo mtu akikuambia upepo ni 0.6 huhitaji kupiga hesabu. Kwa sababu hiyo pekee mimi nisingechukua MOA kwa PRS, hata ikiuzwa nafuu.

Uzito ni mkubwa. Razor Gen II 4.5-27x56 inakaribia kilo 1.4, Nightforce ATACR 7-35x56 ni kama kilo 1.1. Kwenye mchezo huu uzito unasaidia, bunduki nzito haitembei sana ikipiga, ndo maana utaona watu wanafunga hadi vyuma vya ziada. Kwa .22 angalia paralaksi inaanzia wapi: mechi za .22 zina shabaha za yadi 25, kwa hiyo darubini ambayo paralaksi yake inaanzia yadi 50 itakupa picha yenye ukungu. Razor Gen III 6-36x56 inashuka hadi yadi 10.

Bei imetanuka sana. Arken EP5 5-25x56 inapatikana kwa karibu dola 500, Vortex Strike Eagle 5-25x56 chini ya 1,000, halafu juu kuna Schmidt & Bender PM II 5-25x56, ZCO na Tangent Theta zinazopita 3,000. Unacholipia juu ni kioo safi jioni na asubuhi, nobu zenye klik unazozisikia hata ukiwa na glavu, na picha isiyozimika ukiwa umekaa vibaya. Hicho cha mwisho kwa maoni yangu ndo kinachostahili hela.

Inamfaa mwenye raifo moja anayetaka kujaribu michezo zaidi ya mmoja, anayepiga kutoka mikao tofauti, na anayeanza ambaye bado hajui atapenda nini. Haimfai mtu wa mbio, maana mara 5 kwa karatasi ya mita 10 ni ukungu mtupu.

Ile ndefu: 15-55, 15-60, 10-60

Huu ni mchezo wa F-Class, ulioanzishwa na Mkanada George Farquharson, na ile F ni ya jina lake. Unalala, bunduki iko juu ya miguu ya mbele na mfuko wa nyuma, shabaha iko hadi yadi 1,000 ambazo ni mita 914. Duara la ndani kabisa kwa umbali huo lina inchi 5, kama sentimita 12.7, na linalofuata inchi 10. Mechi zinaamuliwa na hesabu za yale ya ndani.

Hapa ndo klik ndogo inapopata maana. Klik ya mili 0.1 kwa mita 914 inasogeza sentimita 9. Duara ni sentimita 12.7. Yaani klik moja inakutoa kutoka ukingo wa huku hadi karibu ukingo wa kule. Klik ya moja ya nane ya MOA kwa umbali huohuo inasogeza sentimita 3 na kidogo. Mtu akikuuliza kwa nini Nightforce Competition 15-55x52 na Vortex Golden Eagle 15-60x52 zina klik za moja ya nane, jibu ndo hilo.

Zote mbili ni SFP na hapa haidhuru, sababu hubadilishi shabaha na msalaba mwembamba usioongezeka unakuacha uone duara la ndani lote. Ukishika pembeni kwa upepo unashika kwa pete za shabaha yenyewe.

Mazigazi ndo adui na pia ndo mwalimu. Bloemfontein, Afrika Kusini, ambako ubingwa wa dunia wa F-Class ulifanyika 2023, au renji yoyote ya tambarare yenye jua, asubuhi unaweza kukaa mara 50 na ukahesabu matundu, ikifika saa sita umeshashuka 25 au 30 na shabaha bado inacheza. Lakini ule mvuke unavyolala kulia au kushoto unakuonyesha upepo wa pale shabaha ilipo, na ukiusoma vizuri unapata pointi kuliko mwenye kioo cha bei mbaya anayeupigania. Ndo maana kati ya 15-60 na 10-60 mimi naangalia kwanza ile 10.

Uzito ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Competition ni kama gramu 790. Kwenye F-TR, tawi la F-Class ambako unaruhusiwa .223 Remington au .308 Winchester tu na bunduki nzima pamoja na darubini na miguu isizidi kilo 8.25, ukiweka hii badala ya ile ya kilo 1.4 umebakiza zaidi ya nusu kilo ya kuweka kwenye mtutu mzito. F-Open, tawi lingine, wana kilo 10, wanapumua kidogo. Bei nyingi ziko kati ya dola 1,000 na 3,000, za bei ya chini kabisa hapa ziogope, sababu kioo dhaifu kwenye mara 50 ni giza.

Inamfaa anayelala na kupiga mbali, na wale wa benchi, wanaopiga wakiwa wameketi mezani. Kwa mechi za vizuizi haifai kabisa, zile mita 2 za upana zitakumaliza.

Kabla hujaiamini

Yoyote utakayochukua, ipime. Bandika karatasi ndefu mita 100, chora mstari wima ukitumia uzi wenye jiwe ili uwe wima kweli, piga risasi tatu chini. Zungusha nobu mili 10 juu, lenga palepale pa mwanzo, piga tatu. Lazima ziwe mita 1 juu na juu ya mstari. Zikiwa sentimita 97 umejua darubini yako inadanganya asilimia 3 na unaiingiza kwenye programu ya hesabu. Zikiwa zimekwenda pembeni ya mstari, darubini imefungwa imeinama. Kisha rudisha ziro upige tena.

Jingine ni safari ya nobu. .308 kutoka yadi 100 hadi 1,000 inataka kama MOA 35 hadi 40. Darubini yenye jumla ya MOA 55 ina nusu tu ya kwenda juu, 27 na kidogo, haifiki. Ukiweka reli (kile chuma cha juu ya bunduki kinachobeba darubini) yenye mteremko wa MOA 20 unafika. Ringi zinazoishika darubini nazo usizifunge kwa nguvu za mkono, tumia bisibisi yenye kipimo na ufuate namba ya kiwanda. Na hela ya ringi nzuri na reli ihesabu ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Kwa hali yako

Kama unaanza, raifo ni moja na hujachagua mchezo, 5-25 ya FFP ya mili itakuruhusu kujaribu PRS na hata kulala F-Class msimu mmoja, utapoteza pointi za ndani kwa sababu ya klik lakini utajifunza. Ukiona umebaki F-Class ndo ununue ndefu.

Kama una .22 na bajeti finyu, 5-25 ya bei ya chini yenye paralaksi ya yadi 25 au chini ni mahali pazuri pa kuanzia, teke ni dogo na darubini haiteswi.

Kama mechi za karibu yako ni za mbio na mbali kabisa ni mita 300, chukua 1-6 yenye taa kali kuliko 1-10 yenye taa hafifu kwa hela ileile.

Kama ni F-TR na mizani inakubana, ndefu nyepesi, anza na inayoshuka hadi 10 kama renji yako ina joto.

Kama uko kwenye PRS tayari na unajiuliza 5-25 au 7-35, kumbuka ulikuwa kwenye namba gani steji ulizofanya vizuri. Ukikuta ni 14, ile 35 ya juu haitakuongezea kitu, bora hela iende kwenye risasi za mazoezi.

Na kama uko Marekani unataka kumpelekea ndugu nyumbani, usiiweke tu kwenye begi. Darubini za bunduki ni bidhaa ambayo kuitoa nje ya nchi hiyo kunadhibitiwa, inaweza kuhitaji kibali, na huku Kenya au Tanzania naye ndugu aulize kwanza wanaotoa leseni za silaha kabla haijafika uwanja wa ndege.